Aliyeachwa Ndiye Anayetumwa

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na makovu ya ndui usoni, madogo na mengi, kama vumbi lililopigwa na matone ya kwanza ya mvua. Sisi wajukuu tulikuwa tunayagusa kwa vidole, naye hakutufukuza. Aliugua akiwa msichana, upande wa Handeni, miaka kadhaa kabla ya Uhuru. Alipopona, maradhi yalikuwa bado yapo kijijini. Wagonjwa walijengewa vibanda mbali na nyumba za watu, na wanaume wenye nguvu zao hawakuthubutu kusogea huko. Aliyepelekwa alikuwa yeye. Asubuhi na jioni alibeba uji na maji, akawalisha walioshindwa kukaa, akarudi. Nilipomuuliza kwa nini kazi hiyo alibebeshwa mtoto, alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini jua linatua magharibi.

"Ndui ilinishika, ikaniacha," alisema. "Aliyeachwa ndiye anayetumwa, mjukuu wangu."

Nimekuwa nikiyakumbuka maneno hayo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni vitabu viwili vya Wamarekani nilivyovisoma kwa kufuatana: On Immunity cha Eula Biss, kilichotoka mwaka 2014, na A Body Worth Defending cha Ed Cohen, cha mwaka 2009. Vyote viwili vinahusu kinga. Sababu ya pili ni gari lenye namba za kibalozi lililomgonga binamu yangu Dar es Salaam, likaufundisha ukoo mzima maana nyingine ya neno hilohilo. Nimevisoma vitabu nikiwa na gari hilo kichwani. Huenda si haki kwa waandishi wake, lakini msomaji huja na alicho nacho.

Biss ni mwandishi wa insha. Kitabu chake kinaanzia kwenye uzazi: alikuwa na mtoto mchanga mwaka 2009, wakati mafua ya H1N1 yalipokuwa yanaenea, na wazazi wenzake walikuwa wakibishana kama wawachanje watoto au la. Hawacheki wenye hofu. Anaichukua hofu yao na kuifuata inakokwenda: kwenye kisa cha Achilles na kisigino chake, kwenye hadithi ya Dracula, kwenye mazungumzo na baba yake ambaye ni daktari. Anakofika ni hapa: kinga si mali ya mtu mmoja. Mwili hulindwa na ngozi yake, na zaidi ya hapo hulindwa na miili mingine iliyouzunguka.

Mama yeyote aliyekaa kwenye benchi la kliniki anajua jambo hili bila kitabu. Kwetu chanjo ya surua hutolewa mtoto akifikisha miezi 9, kisha tena akiwa na miezi 18. Kabla ya hiyo ya kwanza, kinga aliyopewa na mama tumboni inaendelea kupungua, na kinachobaki kumlinda ni kwamba kaka yake, jirani, na yule abiria asiyemfahamu aliyembana kwenye daladala hawana surua. Ili surua ikose njia ya kupita, karibu watu 95 kati ya kila 100 wanatakiwa kuwa na kinga. Hao 95 hawajuani, wala hawajui kwamba wamemlea mtoto wa mtu.

Sehemu ya Biss iliyonikaa zaidi ni pale anapoonyesha nani anakataa. Anaeleza kwamba nchini mwake watoto wasiochanjwa kabisa mara nyingi ni wa familia zenye kipato na elimu, na waliokosa baadhi ya dozi mara nyingi ni watoto wa maskini wanaohamahama. Wa kwanza wamekaa kwenye kivuli cha mti unaomwagiliwa na wengine. Hapo ndipo anapoligusa neno lenyewe. Anakumbusha kwamba kabla ya kuwa neno la madaktari, lilikuwa neno la serikali, likimaanisha kuondolewa wajibu. Uingereza ilipolazimisha chanjo ya ndui, kisha mwaka 1898 ikawaruhusu wenye pingamizi la dhamiri wasichanje watoto wao, watu hao walipata kinga ya kisheria dhidi ya kinga ya kitabibu. Biss anaona kichekesho hicho, anakisema kwa sentensi chache, anapita. Mimi nilibaki palepale.

Anayekaa hapo kwa muda mrefu ni Cohen. Kwa Kilatini, munus ni kazi au mzigo ambao raia anadaiwa na mji wake: kodi, jeshi, utumishi. Immunis ni yule asiyedaiwa. Kwa karne nyingi neno hilo lilikuwa la mahakama na watawala, na ni mwishoni mwa karne ya 19 tu sayansi ya mwili ilipolichukua likawa lake. Cohen anampa nafasi kubwa Élie Metchnikoff, Mrusi ambaye mwaka 1882 huko Messina, Italia, alichoma viluwiluwi vya kiti cha pweza kwa miiba, akaona chembe zikikusanyika kuuzingira mwiba. Kazi iliyotokana na siku hiyo ilimpa Nobeli mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Hoja ya Cohen ni kwamba tangu hapo tumejifunza kuuona mwili kama ngome: mimi ndani, adui nje, askari getini. Sheria iliingia kwenye damu, na tukasahau kwamba iliingia.

Ni hoja nzuri na imeandikwa kwa bidii, ingawa kwa lugha nzito. Hata hivyo, katika vitabu vyote viwili, mtu wa aina ya Bibi hakupewa nafasi ninayoona anastahili. Naye ni wa zamani kuliko neno lenyewe. Thucydides, akieleza tauni iliyoipiga Athens mwaka 430 kabla ya Kristo, anasema walioonyesha huruma zaidi kwa wagonjwa walikuwa wale waliougua wakapona, kwa sababu walijua maradhi hayo hayatawaua mara ya pili. Si lazima twende mbali hivyo. Katika mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 2018 na kwisha Juni 2020 baada ya watu zaidi ya 2,200 kufa, manusura wa Beni na Butembo waliajiriwa kulea watoto ambao mama zao walikuwa vituo vya matibabu. Wengine wote walikaribia watoto wale wakiwa wamejifunika kuanzia kichwani hadi miguuni. Manusura waliweza kuwapakata.

Hapa ndipo maana mbili za kinga zinapoachana, na sioni kwamba Biss au Cohen wamelisema moja kwa moja. Katika sheria ya Kirumi, mwenye kinga ni yule aliyetuliwa mzigo. Katika maradhi, mwenye kinga ndiye anayetwishwa. Yeye pekee anaweza kuingia kibandani, kwa hiyo hana udhuru wa kubaki nje. Madaktari waliliazima neno la Kilatini, wakalipa kitu kilicho kinyume chake.

Sasa nije kwenye neno letu. Kukinga ni kuweka kitu katikati. Unakinga jua kwa kiganja, unakinga mvua kwa jani la mgomba. Vilevile unakinga ndoo chini ya mfereji wa bati ili maji yasipotee, na unakinga mikono ili kupokea. Neno hilohilo linazuia na linapokea. Mtoto wa shule ya msingi wa miaka ya 1990 alilikuta katikati ya neno UKIMWI kabla hajajua kinga ni nini, na kwenye mabango aliambiwa atumie kinga, kitu kinacholinda watu wawili kwa mara moja. Na njia ya kuipata kinga ya mwili tunaiita chanjo, kutokana na kuchanja, kitendo ambacho pia hufanywa kwa kuni na kwa chale. Lugha haifichi kwamba kuna kukatwa. Bibi alilipa kwa uso wake. Mimi nililipa kwa kovu la chanjo ya kifua kikuu begani, ambalo sikumbuki lilivyopatikana.

Kwa hiyo nilipoanza kusoma neno hili kwenye sheria zetu, nilisikia kitu kimekosekana. Ibara ya 46 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inahusu kinga ya Rais dhidi ya mashtaka na madai. Akiwa madarakani hashtakiwi kwa kosa la jinai. Madai ya binafsi yanawezekana, kwa taarifa ya siku 30. Akishaondoka madarakani, hashtakiwi kwa jambo alilolifanya kama Rais, isipokuwa kama Bunge lilimwondoa kwa utaratibu wa ibara ya 46A. Sibishani hapa na masharti hayo kimoja kimoja. Ninalisoma neno, kama ninavyosoma neno kwenye shairi.

Kinga huwa dhidi ya kitu, na kitu hicho huwa kibaya: mvua, jua, kuhara, surua. Ukiandika kinga dhidi ya mashtaka, umeshamweka mlalamikaji upande wa mvua. Raia mwenye dai amekuwa ugonjwa, na aliye ofisini amekuwa mtoto mchanga wa kuhurumiwa. Kilatini, pamoja na makosa yake, kilikuwa mkweli zaidi: kilisema wazi kwamba huyu ameondolewa mzigo, na anayesikia anaweza kuuliza sasa unabebwa na nani. Kiswahili chetu cha sheria kimechukua neno la kliniki, lenye heshima yake yote ya mama na mtoto, kikalivisha upendeleo, na swali hilo halisikiki tena. Kama ingeandikwa kwamba mkubwa fulani ameondolewa wajibu wa kujibu, sikio lingeshtuka. Wajibu na jibu yametoka kwenye mizizi tofauti ya Kiarabu, lakini kwa Kiswahili mtu anasikia moja ndani ya jingine.

Namjua mtu aliyeshtuka. Binamu yangu alikuwa anaendesha bajaji ya mtu, akipeleka hesabu kila jioni. Gari lililomgonga lilikuwa linageuza mahali pasipogeuzwa. Mguu ulivunjika sehemu mbili na bajaji ikawa chuma chakavu. Askari wa trafiki alifika, akapima barabara, akaandika. Dereva alionyesha kitambulisho, akaongea na simu, likaja gari jingine likamchukua. Siku ya tatu tulikwenda kituoni kufuatilia, mimi na shangazi, mama wa majeruhi. Tulijibiwa kwa upole kabisa kwamba yule bwana ana kinga.

Shangazi alikuwa amekaa na fomu ya PF3 mapajani. Aliuliza, "Kinga ya ugonjwa gani?"

Askari alicheka kidogo, kisha akaacha.

Sijawahi kusoma uhakiki mzuri kuliko swali hilo. Niliporudi nyumbani niliutafuta Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia, na nikakuta kwamba walioutunga walikuwa na wasiwasi kama wa shangazi. Utangulizi wake unaeleza kwamba lengo la kinga hizo si kumnufaisha mtu binafsi, ni kuwezesha kazi ya uwakilishi ifanyike. Ibara ya 31 inasema kwamba kutoshtakiwa huku hakumwondoi katika mamlaka ya mahakama za kwao. Ibara ya 32 inairuhusu nchi yake iiondoe kinga. Ibara ya 41 inamtaka aziheshimu sheria za nchi iliyompokea. Ukiusoma kwa utulivu, mkataba huu unajua kwamba kinga imetolewa kwa ajili ya kazi.

Na kazi ipo kweli. Nisipoikubali hoja hiyo nitakuwa natunga shairi la hasira. Bila kinga ya kidiplomasia, balozi wa nchi ndogo angeweza kubambikiwa kesi siku nchi yake inapogombana na mwenyeji. Bila ibara ya 100 ya Katiba yetu, mbunge anayesimama kusema kwamba fedha za umma zimeliwa angehojiwa mahakamani kwa maneno yake kabla hajakaa. Kinga ya mbunge, nikiitazama vizuri, ni ya ukoo mmoja na ya Bibi: amepewa ili aweze kuingia mahali ambapo wengine wakiingia wataumia. Akiwa nayo na akanyamaza, amekula uji wa wagonjwa njiani.

Kipimo changu basi ni hicho, na ninakidai kwa kila kinga ninayoisoma: je, inamtuma mwenye nayo aende wapi? Kenya ilijaribu kuliuliza swali hili kwa namna yake. Ibara ya 143 ya Katiba yake ya mwaka 2010 inamkinga Rais aliye madarakani, kisha inaongeza kwamba kinga hiyo haifiki kwenye makosa ambayo mkataba uliosainiwa na Kenya unakataza yakingwe. Oktoba 2014 Uhuru Kenyatta alisimama The Hague mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai akiwa Rais, baada ya kumkaimisha naibu wake madaraka kwa siku hizo. Mashtaka yaliondolewa mwezi Desemba. Miezi michache kabla yake, Juni 2014, viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Malabo, wakapitisha itifaki ya mahakama ya bara yenye mamlaka juu ya mauaji ya kimbari na uhalifu wa kivita, wakaweka humo ibara inayowakinga wakuu wa nchi walio madarakani. Kinga ya Malabo inamtuma mtu wapi? Nimeisoma mara kadhaa na sijaona kibanda anachotakiwa kuingia.

Mwaka huohuo wa 2014 ndio Biss alichapisha kitabu chake, akitetea kinga kama kitu tunachokilea pamoja. Simlaumu kwa kutoitazama Malabo. Ninachosema ni kwamba msomaji wa Kiswahili hawezi kumfuata mpaka mwisho kwa moyo mweupe, kwa sababu kwetu neno hilo zuri lina kazi ya pili, na siku nyingine zote mbili ziko kwenye gazeti moja: kurasa za ndani kampeni ya chanjo, ukurasa wa mbele mkubwa asiyegusika.

Watanzania wa umri fulani walifundishwa msemo kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ni amana uliyokabidhiwa, na pia ni kile unachokiweka mahakamani ili uachiwe huku ukiahidi kurudi kujibu. Katika maana zote mbili kuna kurudi. Kama sheria zetu zingetafuta neno la kumlinda mwenye ofisi, lilikuwepo hilo, na lingemkumbusha kila siku kwamba yuko nje kwa ahadi.

Kuna mtu mmoja ninayemfikiria kila ninapofika hapa. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali ya Merca, mji wa pwani ya Somalia, akiwa na umri wa miaka 23. Chanjo ya ndui alikuwa ameikwepa kwa kuogopa maumivu. Oktoba 1977 alipanda gari lililobeba watoto wawili wenye ndui ili awaonyeshe njia, mwendo wa dakika chache tu, naye akaugua. Alipona. Akawa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umekwisha. Angeweza kukaa na umaarufu wake. Badala yake, miaka mingi baadaye, aliingia kwenye kampeni ya kutokomeza polio, akizunguka kwa wazazi wenye hofu na kuwaambia kwamba yeye aliikwepa sindano na yaliyompata ni haya. Alikufa kwa malaria Julai 2013, akiwa kwenye kazi hiyo. Kinga aliyokuwa nayo haikumsaidia chochote dhidi ya polio wala dhidi ya malaria. Ilimpa tu neno la kusema mlangoni kwa watu. Bibi angemwelewa mara moja.

Baada ya miezi mitatu alikuja nyumbani kwa shangazi mwanamume aliyevaa suti, si yule aliyekuwa anaendesha. Alileta bahasha na karatasi ya kusaini kwamba hakuna dai jingine. Fedha zilitosha hospitali na zikabaki za kuanzia. Alikunywa maji, akashukuru, akaondoka. Nilimuuliza binamu yangu kama ameridhika. Hogo lilikuwa limeshatolewa na alikuwa akiupaka mguu mafuta. Ulikuwa umekonda kuliko wa pili.

"Dada, hela nimepokea, sikatai," alisema. "Nilitaka yeye mwenyewe aje, akae hapa mkekani, auone mguu. Nani angemkamata humu ndani? Ana kinga."